Nyongeza Aja Kanazi

Jumanne moja ya mwaka 1974, huko Kanazi, Kokushubila alikuwa jikoni akimenya ndizi za mchana, Nyongeza akapiga hodi. Alikuwa mdogo kama punje ya ulezi, amevaa koti.

"Karibu. Wewe wa nani?"

"Waitu, mama yangu, mimi ndiye niliyepatikana kwenye utafiti. Ile tofauti ya uzito kati ya mkungu wa mbegu mpya na wa zamani."

Habari zake zilikwisha fika. Mabwana shamba walipima mikungu elfu tisa, hesabu zikathibitisha kwamba mbegu mpya inazidi, wala si kwa bahati. Barua ilisomwa kanisani baada ya misa: kila kaya ing'oe migomba yake, ipande mipya. Mipya ingezaa baada ya mwaka na nusu. Inazidi kwa kiasi gani, barua haikusema.

Mgeni ni mgeni. Kokushubila akamtolea kahawa ya kutafuna. Nyongeza akaikumbatia punje moja, mikono haikukutana upande wa pili. Akaomba radhi.

"Ndiwe wewe mzima hivi, au wenzako wako nyuma?"

"Ndimi mimi mzima, hakuna zaidi."

"Sasa mwanangu, kwa ajili yako wajukuu wangu sita wakae na njaa?"

"Hawakuniuliza kimo, mama. Waliuliza tu kama nipo."

Siku ya mkutano wa kijiji Kokushubila akambeba kiganjani mpaka ofisini.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," wakaitika waliokaa kwenye benchi.

"Nina mgeni wa kweli, hashibishi sisimizi."

Wakashindwa. Akafungua kiganja. Bwana shamba Rwegasira akavaa miwani, akamsalimu Nyongeza kama mtu anayefahamiana naye.

"Bibi, yupo au hayupo?"

"Yupo. Lakini si unamwona alivyo?"

"Fomu hii haina mahali pa alivyo."

Alhamisi kibanja chake cha migomba kikafyekwa, pamoja na ile iliyofunika kaburi la mumewe. Ikawa mihogo ya kuomba kwa dada yake Anatolia, kule Ijumbi, mpaka nayo ikaisha.

Nyongeza alibaki hapo, maana hakuwa na kwao. Wajukuu walimzoea, wakimpa chakula kwanza yeye.

Mwezi wa Machi, Immakulata, mdogo wa wajukuu wote, akavimba miguu kwa njaa. Nyongeza alikuwa akipanda juu ya mguu wake kumwimbia. Kokushubila akibonyeza hapo kwa kidole, shimo lilibaki. Pale alipokaa Nyongeza, haikubaki hata alama.