Milimita Kumi na Mbili

Kwa miaka thelathini na moja, kila saa tatu asubuhi, Bwana Milimita alichungulia kipimamvua kilichosimama uani kwake, akaandika daftarini. Jina hilo la utani alipewa na majirani, enzi hizo alipokuwa na majirani. Visima vilipokauka walihama mmoja mmoja, na binti yake naye akafungasha watoto akaenda mjini. "Ikinyesha ya kupandia, baba, nipigie," alisema. "Narudi siku hiyohiyo."

Amebaki yeye na mama wa ng'ambo ya barabara. Mabwana wa ofisi ya hali ya hewa walishamweleza: moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima umepasha hewa joto, misimu ikavurugika. Alicheka kwa uchungu. Yeye hata pikipiki hana.

Siku mia na arobaini aliandika sifuri. Asubuhi hiyo akakuta maji. Milimita kumi na mbili! Mzee aliyezoea kuandika kwanza na kusema baadaye, leo alikimbilia simu.

"Mwanangu, imenyesha! Nililala fofofo, hata sikuisikia!"

"Kweli, baba? Tunakuja!"

Aliporudi uani na daftari ndipo akaitazama ardhi. Vumbi tupu. Mtu wa kazi yake hukagua ardhi kabla ya kipimamvua, alijitukana kimoyomoyo.

Mama wa ng'ambo alikuwa amesimama getini, mizigo yake iko miguuni.

"Ni mimi niliyeyamimina, kaka. Naondoka leo, na maji ya mtungini nisingeweza kuyabeba. Nikasema nikuachie angalau kitu cha kuandika. Nilidhani utafurahi."

"Nimefurahi, dada," alisema, na hakudanganya.

Alipokwisha kumsindikiza, alikaa na kalamu mkononi. Nani angejua? Binti angefika, wajukuu wangeijaza nyumba kelele, hata kwa siku mbili tu. Alizitamani kelele hizo. Lakini binti angeacha kibarua chake, aje kuzika mbegu kwenye vumbi.

Akaandika sifuri, akapiga simu. Upande wa pili injini ya basi ilinguruma, na wajukuu walikuwa wakigombania kiti cha dirishani.

"Baba! Tumeshapanda, tumebakiza dakika tano tu!"

"Shukeni, mwanangu," alisema. "Shukeni kabla basi halijaondoka."