Notisi ya Baba Lango

Mwenye nyumba wetu tulimbandika jina la Baba Lango tangu alipoweka lango jekundu mbele ya nyumba inayovuja kila chumba. Lango halijamaliza wiki mbili, akanikuta nimeinamia cherehani, akaniwekea barua juu ya kitambaa cha mteja. Kodi inapanda karibu mara mbili, kuanzia mwezi ujao.

Nikamkumbusha kuwa mkataba unataka notisi ya miezi mitatu, kwa maandishi. Akacheka kwa pua, akaniambia nitazame tarehe. Kweli, ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Eti aliwahi kuipitisha chini ya mlango nikajifanya sikuiona, na hii ni nakala tu. Mtu mzima na mvi zake, anadanganya bila hata kupepesa macho.

Kilichoniuma ni mama. Magoti yake yamegoma kupanda ngazi, na vyumba vya bei yetu mtaani vyote viko ghorofani. Tukihama hapa chini, mama ndiyo kafungwa jela.

Mama mwenyewe ndiye aliyegeuza ile barua, akacheka mpaka akashika mbavu. Aliponionyesha kilichomchekesha, nikaipeleka moja kwa moja kwenye baraza la kesi za nyumba.

Baba Lango alikuja amevaa koti la harusini. Akaapa kuwa barua ni ya tarehe ile ile, haijaongezwa kitu, akamwita karani wa baraza "mwanangu" mara nne, akasimulia alivyoipendezesha nyumba kwa lango jipya. Nilimwacha amalize. Halafu nikamwomba karani atazame risiti ya fundi wa lango, ambayo Baba Lango kwa kujisifu kwake alikuwa ameibana nyuma ya barua.

"Mzee, lango hili lina wiki tatu," karani akasema. "Barua ya miezi mitatu nyuma ililijuaje?"

Mzee akaanza kukagua dari. Angekagua hivyo dari yetu tungeacha kulala na ndoo. Baraza likaamua kodi ibaki ile ile. Akitaka kuipandisha, aanze upya na notisi ya kweli.

Juzi kaniletea suruali, kiuno kinambana, anaitaka kesho. Nikamwambia bei yangu imepanda. Akakunja uso, akauliza tangu lini.

"Usijali, baba. Leo lipa ile ya zamani. Nitakuandikia notisi ya miezi mitatu, na tarehe nitaweka ya siku ninayoiandika."