Mama Hapatikani kwa Jina Lake

Kazi yangu ni kukaa kimya, na Mungu anajua sikuumbiwa kazi hiyo. Wenzangu pale makumbusho huniita Pilipili. Lakini ukipima tovuti, sheria ni moja: mkalishe mtu mbele ya kompyuta, mpe kitu cha kutafuta, halafu ufunge mdomo uone anakwama wapi. Ukimsaidia, umeharibu.

Siku hiyo alikuja mama mmoja, mshona mapazia. Nilimwambia atafute chochote anachokitaka kwenye tovuti yetu, naye hakusita. Zamani wataalamu wetu walifika kwao wakamrekodi marehemu mama yake akiimba. Sasa dada yake mkubwa yuko kitandani, hajiwezi, na kila siku anaomba jambo moja tu: asikie sauti ya mama kabla hajafumba macho.

Akaandika jina la mama yake kwa kidole kimoja. Matokeo: sifuri. Akaandika jina la wimbo. Sifuri. Akabofya palipoandikwa "Hazina Yetu", akaletewa picha ya mkurugenzi akikata utepe. Dakika ishirini na tano! Mwisho akanigeukia, macho chini.

"Nisamehe, mwanangu. Mimi ndiye sijui."

Yaani anaomba radhi yeye! Damu ilinichemka. Nilimwomba asubiri kwenye benchi, nikaingia kwenye kumbukumbu za ndani, na kanda nikaiona mara moja. Ilisajiliwa kwa jina la mtaalamu aliyeshika kinasa sauti. Mwimbaji: "mwanamke". Basi! Na fomu yenye jina lake kamili ilikuwa kabatini, nyuma yangu.

Sauti haifunguliwi bila idhini ya mkurugenzi, kwa hiyo nikapanda kwake na video ya jaribio. Aliitazama huku anacheka.

"Huyu bibi hajui kompyuta, Pilipili. Tovuti haina kosa. Andika hivyo kwenye ripoti, wageni wanakuja Jumatatu kuzindua sura yake mpya."

"Sawa, bosi. Basi nitafutie wewe hotuba yako ya mwaka jana."

Akavuta kiti kwa madaha. Akaandika jina lake. Sifuri. Akaongeza cheo. Sifuri. Kijasho chembamba kikaanza kumtoka. Mkuki kwa nguruwe mtamu! Hotuba yake ilisajiliwa kwa jina la mpiga picha.

"Kompyuta hii mbovu," akasema.

"Ahaa! Mama wa watu akikosa, ni ujinga wake. Ukikosa wewe, kompyuta mbovu?" Nilipiga meza hadi chai ikamwagika. Akatia sahihi ya idhini, nadhani ili nimwondokee tu.

Nikashuka mbio. Nikafuta "mwanamke", nikaandika jina la marehemu, nikamrudisha mama kwenye kiti kilekile. "Jaribu tena, mama."

Akaandika. Sauti ikatoka, ina mikwaruzo lakini nzima. Akampigia dada yake, akaisogeza simu kwenye spika. Kwanza tulisikia pumzi tu. Halafu yule mgonjwa akaanza kuimba pamoja na mama yake, polepole, bila kukosea hata neno moja.

Mimi, mjinga, nikawa nasubiri kushukuriwa.

Wimbo ulipokwisha akamuaga dada yake, akakata simu. "Mwanangu, sauti hii iko humu tangu lini?"

"Miaka kumi na tisa, mama."

"Na jina lake mlikuwa nalo?"

Ningeweza kudanganya. Nilimpa fomu. Akaisoma yote, akapitisha kidole juu ya alama ya dole gumba la mama yake.

"Kaka yetu alikufa mwaka juzi," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa akiitafuta. Alikuja hapa mara tatu, mara zote akaambiwa atafute kwenye tovuti. Tukamwambia aache kusumbua watu, kanda imepotea."

Akasimama, akajitanda mtandio wake vizuri.

"Mkubwa wenu anakaa ghorofa ya ngapi?"

"Ya pili."

"Nipeleke."

Nikatangulia kumfungulia mlango.