Nguvu Zilikotoka

...kwa sababu mtu hawezi kuamka tu asubuhi akajikuta ana nguvu, ndivyo anavyosema mtayarishaji, lazima apewe, na akilitamka hilo neno apewe anafungua kiganja juu ya meza kana kwamba nguvu zenyewe zimo humo, na mwandishi anaitikia kwa kichwa, ndiyo bosi, tangu saa nne anaitikia mpaka shingo inamuuma, miaka sita amezunguka na skripti hii, ofisi tatu zimemrudishia, huyu ndiye wa kwanza kusema filamu itatengenezwa, mkataba huu hapa mbele yake, basi aitikie tu, yaishe... "Kwa hiyo tunamleta daktari," anasema mtayarishaji, "kijana mtanashati, ana mashine yake, umeme unapiga, mpishi wetu anaangukia humo, akiinuka tayari ni shujaa. Dada, unanipata?" anampata, atakosaje kumpata, mpishi wetu, anasema mpishi wetu, na mpishi mwenyewe yupo nyumbani saa hizi anachambua maharage, ana bega la kulia ambalo halijaruhusu mkono kuinuka kupita sikio tangu miaka ishirini na saba iliyopita, anachana nywele kwa mkono wa kushoto na kulalamika kwamba upande mmoja unatoka wa binadamu na mwingine wa fagio, na alipoambiwa kwamba bintiye anaandika filamu ya mwanamke mwenye nguvu kushinda lori, na kwamba mwanamke huyo ni yeye, alicheka mpaka akapaliwa, "Mwanangu, usije ukaniandika naruka angani, mimi ngazi tu naziogopa"... na hakuruka, alisimama, hicho ndicho alichofanya, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, watoto wa shule walikuwa bwaloni wanakula chakula cha mchana, ukuta ukalia, wengi hawajui kwamba ukuta hulia kabla ya kuanguka, kisha paa likashuka upande mmoja na boriti ikaziba mlango, na mama akatoka jikoni na upawa wake mkononi, akautupa, akainama, akaingiza bega chini ya boriti ile na kuinyanyua kiasi cha mtoto kupita akitambaa, watoto arobaini na mmoja, akiwaita kwa majina, maana alijua nani huomba aongezewe na nani huficha mkate mfukoni... "Watu wanataka kuona chanzo," anasema mtayarishaji, "nguvu zimetoka wapi? Bila chanzo ni mwanamke mnene tu ameshika mbao," naye anacheka, si kwa ubaya, na mwandishi anamjibu moyoni, chanzo, unataka chanzo, chanzo ni sufuria mbili za lita themanini, kuziinua jikoni na kuzitua bwaloni, kila siku ya shule kwa miaka kumi na moja, hakuna daktari aliyempa kitu, mwambie, mwambie sasa hivi... lakini kuna lingine, na hilo si la mtayarishaji, ni lake mwenyewe, yeye alikuwa mmoja wa wale arobaini na mmoja, wa mwisho kabisa, ana miaka tisa, alifika chini ya lile bega akagoma kusonga, akainua macho akamtazama mama yake, na ule uso hakuwa ameuona kabla wala hajauona tena, mdomo umepinda, machozi na kamasi vinatiririka pamoja, miguu inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo, na mama akapiga kelele, "Pita! Usiniangalie, pita!" na akapita, na walipomtoa mama naye hakusema namshukuru Mungu, hakusema lolote la kuandikwa gazetini, alimvuta bintiye kando akamnong'oneza, "Vua sweta lako unipe, nijifunge kiunoni," na mtoto akavua, na ndipo alipoiona sketi ya mama imelowa, na haikuwa mvua... gazeti lilimpiga picha mwalimu mkuu na suti yake, mama akatokea pembeni, nusu, na sweta la shule kiunoni, hakuna aliyeuliza kwa nini, na kwenye skripti, ukurasa wa kumi na nne, mwandishi ameandika nini, ameandika shujaa anatabasamu, kwa mkono wake, ameandika "anatabasamu kwa utulivu huku boriti ikipanda", hakuna machozi, hakuna sketi, hakuna sweta, alidhani anamfichia mama aibu, kumbe alimwondoa yule aliyekuwa anaogopa kufa na hata hivyo hakuachia, akaweka sanamu mahali pake, na sanamu ndiyo inayohitaji mashine ya daktari, bila shaka inahitaji, mtayarishaji wa watu hana kosa hapo, ameletewa mwanamke asiyeogopa chochote naye anauliza kwa haki kabisa, huyu kayatoa wapi haya? wa kwanza kumnyang'anya mama nguvu zake si huyu bwana wa kiganja, ni binti... haya, basi, na linapomfikia hilo shingo inaacha kuuma, jambo la ajabu, moyo unatulia tuli, ataufuta ule mstari leo leo, atamwomba mama ruhusa kwanza, uso kwa uso, na mama akikataa ya sketi itabaki miguu, miguu hataitoa, kamasi hataitoa, na huyu hapa ataelezwa polepole, kwa adabu, sufuria mpaka sweta, na akisema bado anamtaka daktari wake, basi amtafutie filamu nyingine daktari huyo, ofisi ya tano ipo, ya sita ipo, miaka mingine sita ipo, mwandishi anao umri, na mtayarishaji bado anaongea, amefika kwenye mashine, iwe na taa za bluu au za zambarau, "Mimi naona zambarau, dada, wewe unaonaje, au subiri, subiri nimalizie," anasema, na hamalizi, na mwandishi amenyoosha mgongo, neno la kwanza liko tayari mdomoni, anasubiri tu bwana huyu avute pumzi.