Kiumbe Mmoja Duni

Msahihishaji alikuwa mkaidi, na ukaidi wenyewe ulikuwa wa kuzaliwa nao. Kazi yake katika ile ofisi ya kuchapa vitabu vya shule ilikuwa kuwinda makosa ya tahajia, basi. Maana ya maneno ilikuwa mali ya mwandishi. Lakini alipofika kwenye sura ya asili ya uhai, kalamu yake nyekundu ilivuka mpaka. Mwandishi, profesa wa biolojia, alikuwa ameandika: "Uhai wote umetokana na kiumbe mmoja duni." Yeye akakata "duni", akaandika juu yake "wa kwanza", kisha akapeleka kurasa kwa mwandishi kama kawaida.

Neno lile alikuwa na kesi nalo. Mama yake alifua nguo za watu miaka ishirini, na kila akirudisha mzigo alisikia mwenye nyumba akinong'ona ndani: hawa watu duni, waangalieni mikono.

Asubuhi mkurugenzi akamwita. Profesa alikuwa ameshakaa, amevimba kama andazi.

"Dada, biolojia umesoma mpaka wapi?"

"Sekondari, Profesa. Na sikufaulu."

"Inaonekana. Huyo hakuwa wa kwanza. Kabla yake walikuwapo wengine, na wengine waliishi naye. Kizazi chao kilikatika. Cha kwake ndicho kilichofika hadi leo: mimi, wewe, na ukungu wa mkate. Umetaka nichekwe na wenzangu."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa amekosea, tena vibaya. Mkurugenzi, ambaye hakupenda maneno mengi, akamsogezea ukurasa. Katika kazi yao, neno lililokatwa likitiwa nukta chini yake, linarudi.

"Tia nukta chini ya duni, weka saini, yaishe," alisema mkurugenzi. "Ukikataa, kesho usije."

Alichukua kalamu, akakata "wa kwanza" kwa mstari mnene.

"Hili kosa langu, nimelikubali. Asante kwa somo. Duni silirudishi."

"Unabishana na sayansi?"

"Nabishana na neno. Ukurasa unaofuata umeandika mwenyewe kwamba herufi za urithi alizotumia yeye ndizo tunazotumia sote mpaka leo. Karibu miaka bilioni nne, Profesa. Mimi hapa nabadilishiwa tahajia kila akija mkurugenzi mpya."

Mkurugenzi alikohoa, akatazama dirishani.

"Duni maana yake ni sahili tu," alisema Profesa.

"Kumbe. Basi waliomwita mama yangu duni walikuwa wanamsifu." Akaonyesha ukurasa kwa kidole. "Kiumbe huyu, wenzake wote wamekwisha, yeye amezaa kila kilicho hai, na wewe umo. Mwacha asili ni mtumwa. Ukitaka nukta, tia wewe, na pembeni uandike jina lako."

Akaiweka kalamu mbele ya Profesa, akachukua mkoba wake na miwani, akatoka bila kuaga.

Kitabu kilitoka miezi miwili baadaye. Sentensi ilisomeka: "Uhai wote umetokana na kiumbe mmoja." Kazi hakurudishiwa, wala hakwenda kuiomba.