Mama Mkwe Apanda Gari la Mikate

Makosa ninayo, lakini wizi haumo. Ndiyo maana Jumatatu ile damu ilinichemka. Mama mkwe alisimama mbele ya tanuri, mke wangu akisikia, akasema kwamba tangu dereva wa zamani astaafu nikashika usukani mimi, gari linamaliza mafuta upesi mno, na mwenye ufunguo ndiye anayejua yanakokwenda. Kiwanda hiki kidogo cha mikate ni chake, gari ni lake, mke wangu ni mwanawe. Nikajikaza.

"Mama, mimi siuzi mafuta."

"Sijasema unauza," alisema huku akipanga mikate kwenye kreti. "Nasema ikifika Jumamosi sijapata maelezo, gari nampa shemeji yako."

Shemeji yangu! Mtu anayejua amefika mwisho wa maegesho akisikia ukuta.

Kesho yake mama mkwe akapanda mbele, mkoba mapajani, anilinde. Tulijaza tangi pomoni, tukazunguka maduka yale yale kumi na manne, tukarudi kwenye pampu ile ile kujaza tena. Zikaingia lita sita. Siku zote huwa tisa.

Akanitazama kwa macho makavu. "Nikiwepo mimi, hayapotei."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitaka kusafishwa jina, kumbe nimejichongea mwenyewe. Jioni mke wangu alinipakulia chakula, akanigeuzia mgongo, na hilo liliniuma kuliko maneno ya mama yake.

Jumatano, baada ya kazi, nilibaki kwenye kiti cha dereva nikaipitia safari ile upya. Njia ile ile, mzigo ule ule. Kilichobadilika ni mguu wangu. Nani anakanyaga mafuta mama mkwe akiwa ubavuni? Nilimwendesha kama bibi harusi. Naondoka taratibu, nikiona taa nyekundu kwa mbali naachia mapema gari lijiendee lenyewe, na kila dukani nazima injini ili moshi usimkere. Nikiwa peke yangu naondoka kwa kishindo, nawapita watu wote, nafika kwenye taa nyekundu wa kwanza, nafunga breki. Na dukani gari linanguruma mpaka soga iishe.

Alhamisi nikamfuata. "Mama, naomba upande tena. Ila leo nitaendesha kama siku zote. Unisamehe kabisa."

"Nikusamehe nini?"

"Utaona, mama."

Dakika za kwanza niliona aibu, baada ya hapo mguu ukajipa raha. Kreti ziligongana nyuma. Mkoba ukaruka, ukaishia miguuni. Duka la tatu nilimwacha ndani ya gari linalonguruma nikaenda kubishana na mwenye duka habari za mpira. Niliporudi, mama mkwe alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, midomo ikicheza. Nadhani alikuwa anasali.

Kwenye pampu ziliingia lita tisa na nusu. Ile nusu, nakiri, ni ya mguu kutia chumvi kidogo.

"Hakuna anayeyanyonya, mama," nikasema, kifua mbele. "Ni mguu wangu."

Akajitengeneza kilemba. Nilijua nimeshinda.

"Sawa, si mwizi," akasema hatimaye. "Niambie, hivi ndivyo unavyombeba mwanangu?"

"La hasha, mama! Yeye namwendesha polepole."

"Na mimi juzi?"

"Polepole pia."

"Kwa hiyo kujua unajua."

Akashuka, akafungua mlango wa nyuma. Kulikuwa na kreti moja ya mikate iliyokataliwa madukani kwa kubonyea, na si siku hiyo tu. Kila siku nikiwa peke yangu nilirudi na kreti kama hiyo, nikilaumu kreti mbovu, barabara, hata hamira. Akauchukua mkate mmoja, akaupapasa pale ulipobonyea.

"Naamka saa tisa usiku kuukanda huu," akasema. "Kumbe humu garini abiria asiye na mwenyewe ni mkate tu."

Hakupaza sauti. Angenigombeza ningejitetea, maana ulimi ninao. Akarudi mbele, akafunga mkanda, akaniambia tukifika niwaeleze vijana wa kiwandani kwamba dereva habadilishwi. Nikawasha gari, nikaondoka taratibu, na nyuma kreti hazikutoa hata sauti. Nimeshinda kesi yangu, lakini mpaka tunafika sikuweza kumtazama usoni.