Kola za Msomaji

Kwenye chumba chetu cha kushonea sare za shule, anayewasomea wenzake kitabu hashoni. Wenzake wanagawana kola zake, ili jioni kazi itimie na msimamizi akose la kusema. Msomaji ni mimi, na humo ndani naitwa Redio. Msinionee wivu. Kusoma kwa sauti juu ya kelele za cherehani, shule zikikaribia kufunguliwa, kunakausha koo kama vile kushona kunavyovunja mgongo, na mgongo wangu ulishavunjika zamani.

Kitabu cha safari hii alikileta mshona vifungo, hakina hata jalada. Kinamhusu mpiga picha aliyejifungia kwenye chumba cha giza kusafisha picha zake, akafungua mlango na kukuta vita vya miaka mia iliyopita. Huko akampenda mpanda farasi ambaye kwetu sisi alikuwa mifupa kabla bibi zetu hawajazaliwa. Kila baada ya kurasa chache wanaagana, wanalia, na chumba kizima kinalia nao. Mimi sikuwa na nguvu za kulia. Nilifunua ukurasa nikaendelea.

Kola zangu nyingi alizishona wifi yangu, mjane wa kaka yangu. Tangu tumzike kaka tunaishi pamoja, chumba kimoja, vitanda viwili, na shati la marehemu limetundikwa nyuma ya mlango. Sasa fundi wa kukata vitambaa, mtu mpole asiye na maneno mengi, alikuwa amemposa. Wifi akamwambia asubiri kwanza kitabu kiishe, ndipo atamjibu. Watu walicheka, wakadhani utani. Mimi sikucheka, namjua wifi yangu. Akiolewa, nitarudi kwenye chumba kile na kuwasha taa peke yangu. Niliogopa, sitaficha.

Basi nikachungulia mwisho. Nikakuta mpiga picha habanduki kwa mpanda farasi wake. Nilishusha pumzi. Kitabu kilikuwa upande wangu bila hata kukibembeleza.

Siku ya kumaliza nilisoma kwa roho yangu yote, uchovu nikauweka kando. Mlango wa chumba cha giza unafungika, na ukishafungika haufunguki tena. Mpiga picha anausikia, anautazama, kisha anaupa mgongo na kumshika mkono yule aliyekufa miaka mia iliyopita. Cherehani zikanyamaza. Mshona vifungo akajifuta macho kwa sare ya mtoto wa watu.

Wifi alikata uzi kwa meno.

"Na mama yake?" akauliza.

"Mama gani?"

"Si ulisoma mwanzoni kwamba ana mama? Nani atamwangalia?"

"Haikuandikwa."

"Haya." Akageukia meza ya kukatia. "Fundi, njoo nyumbani Jumapili na watu wako."

Mkasi wa fundi ulianguka mezani. Wenzetu wakaanza kunong'onezana, nami nikamwinamia wifi.

"Wifi, hukusikia? Mwenzio kabaki na mtu wake."

"Nimesikia. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Na lile shati? Mbona kila wiki unalipiga pasi?"

Aliniangalia kwa huruma, na huruma yake ikaniuma.

"Nalipiga pasi kwa ajili yako. Mimi nilishamaliza kumlilia kaka yako, wifi. Wewe ndiye unayerudi kwake kila siku, na mimi nakusindikiza. Nimechoka."

Redio mzima nikakosa habari. Nilifunga kitabu, nikavuta kola kutoka kwenye rundo lake, nikaanza kushona zangu. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani.

Jioni tulirudi nyumbani, miguu inawaka moto. Nililishusha shati mwenyewe. Lilikuwa safi, mikunjo imenyooka, kola imesimama kana kwamba mwenyewe yuko njiani anakuja. Hapo ndipo nilipolia, machozi yote ya kitabu na yangu juu yake. Wifi alikaa kitandani kwake akasubiri nimalize. Kisha akalichukua shati mikononi mwangu, akalikunja, akanipa.

"Kesho soma kingine," akasema. "Ila kola zako utashona mwenyewe."